Je, wajua kwa nini nchi tajiri ziliahidi fedha ili Afrika Kusini ifunge vituo vyake vya makaa ya mawe?

Tarehe 31 Oktoba 2022, mtambo wa mwisho wa kituo cha umeme cha Komati, katika jimbo la Mpumalanga, ulizimwa. Kituo hicho kilianza kufua umeme kwa makaa ya mawe mwaka 1961, na kati ya mitambo yake tisa ulikuwa umebaki mmoja tu unaofanya kazi. Kwa fundi, kuuzima ni kazi ndogo. Iweje basi Benki ya Dunia iidhinishe dola milioni 497 kwa ajili ya kituo kilichochakaa?

Kinachogharimu ni maisha yaliyojengwa kukizunguka. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Afrika Kusini hutokana na makaa ya mawe, na sekta hiyo imeajiri watu wapatao 90,000, wengi wao wakiwa Mpumalanga. Kuna mchimbaji, dereva wa lori, fundi wa kuchomelea, mama anayeuza chakula getini, na mwenye nyumba anayepangisha vyumba kwa hao wote. Eskom, shirika la umeme la taifa, lilikuwa na deni la takriban randi bilioni 400, kwa hiyo halikuwa na ubavu wa kuwafidia.

Ndiyo maana Novemba 2021, katika mkutano wa tabianchi wa COP26 mjini Glasgow, nchi za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Marekani na Umoja wa Ulaya waliahidi dola bilioni 8.5. Makubaliano hayo, maarufu kama JETP, yaani ushirikiano wa mpito wa haki wa nishati, yana hoja rahisi: waliotajirika kwa kuchoma makaa wasaidie wengine kuyaacha, na mzigo usimwangukie mchimbaji.

Lakini uliza fedha hizo ni za aina gani. Katika mpango uliotolewa mwaka 2022, ruzuku ilikuwa kama asilimia 4 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni mikopo, mingine ya masharti nafuu, pamoja na dhamana na mitaji ya kibiashara. Ujerumani hiyohiyo, ilipopanga kuachana na makaa ifikapo 2038, ilitunga sheria mwaka 2020 ya kutenga hadi euro bilioni 40 kwa mikoa yake yenyewe, mbali na posho kwa wafanyakazi wenye umri mkubwa hadi wafikie pensheni. Kwao wametoa, kwa Mpumalanga wamekopesha. Mimi naona neno "haki" hapo limebebeshwa mzigo mzito.

Tatizo la pili lilikuwa mpangilio wa kazi. Komati ilikusudiwa kuwekewa megawati 150 za umeme wa jua, 70 za upepo na betri za megawati 150. Wazo lenyewe ni zuri: jua kali kuliko yote liko katika jimbo la Northern Cape, ila huko njia za kusafirishia umeme ni haba, wakati Komati nyaya zipo tayari. Bahati mbaya kituo kilizimwa kabla ya hayo kujengwa. Waajiriwa wa kudumu wa Eskom hawakufukuzwa, wengi walihamishiwa vituo vingine. Wafanyakazi wa wakandarasi hawakuwa na pa kuhamishiwa, na walipoondoka, wateja wa maduka nao wakapungua. Tume ya Rais ya Tabianchi ya nchi hiyo ilipochunguza, iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Tena mitambo ya jua ikishajengwa huhitaji watu wachache tu wa kuiendesha, jambo ambalo wanasiasa huwa hawapendi kulitaja.

Mgao wa umeme wa 2023, mbaya kuliko yote nchini humo, uliwapa nguvu waliosema Komati ilifungwa kwa pupa. Vituo vya Camden, Grootvlei na Hendrina vilivyokuwa vinafuata kufungwa vikaongezewa muda hadi 2030. Machi 2025 Marekani ikajitoa, ikaondoka na ahadi yake ya zaidi ya dola bilioni 1. Wengine wamebaki, na Uholanzi na Denmark zimejiunga.

Mtindo huo wa JETP umeshaenea Indonesia, Vietnam na Senegal. Senegal, iliyoahidiwa euro bilioni 2.5 mwaka 2023, ilisimama kidete gesi yake isiguswe: lengo lake ni asilimia 40 ya uwezo wa umeme kutoka vyanzo jadidifu ifikapo 2030, huku gesi ikiendelea kutumika.