Kutangazwa muflisi hakuokoi shamba lililo rehani

"Wakili, nitangaze muflisi kabla ya mnada wa Ijumaa." Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu aliyeketi mbele yangu alikuwa na fotokopi ya hatimiliki ambayo nakala yake halisi iko kwenye kabati la benki. Nimechoka kueleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika.

Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inamsaidia mdaiwa mwaminifu aliyelemewa. Ukishatangazwa muflisi, mali yako inasimamiwa na Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi, na wadai wako hawawezi tena kukukimbiza mahakamani kila mmoja kwa wakati wake. Sawa. Ila wadai hao ni wale wasioshikilia kitu chako: duka la jumla, mkopo wa simu, jamaa aliyekukopesha kwa maandishi. Benki yenye rehani juu ya shamba haipangi foleni pamoja nao. Dhamana yake iko pale pale, na inaweza kuuza kana kwamba hukukanyaga mahakamani. Ufilisi utakufaa baadaye, endapo shamba litauzwa na deni lisimalizike. Lile salio lisilo na dhamana tena ndilo linaloingia kwenye kapu la ufilisi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba muda huwa ulikuwepo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, ukichelewesha malipo mwezi mzima, benki inapaswa kukupa ilani ya miezi mitatu ulipe. Ukishindwa, inakupa ilani nyingine ya siku 40 kwamba inakusudia kuuza. Kisha dalali naye analeta yake ya siku 45. Zikifuatana, ni karibu miezi saba tangu uteleze hadi nyundo igonge. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na bahasha zake ndani ya kikapu cha sokoni, zote zimefungwa kama zilivyotoka posta. Nilizifungua mezani moja baada ya nyingine. Ya miezi mitatu ilikuwemo, ya siku 40 ilikuwemo. "Mwanangu," akaniambia, "nilikuwa nikiiona nembo ya benki, tumbo linanikata." Namwelewa. Lakini zimebaki siku nne, mama, na mimi si mganga.

Angekuja na ile bahasha ya kwanza, tungekuwa na la kufanya. Tungeiomba benki imruhusu atafute mnunuzi mwenyewe, maana anayenunua kwa maelewano mara nyingi hulipa zaidi ya anayevizia mnada. Tungechunguza kama ni nyumba ya ndoa na kama mwenzi wake aliridhia rehani, kwa sababu bila ridhaa hiyo rehani ya nyumba ya ndoa haisimami. Tungepiga hesabu ya riba: mkopo wa benki ukishakuwa mbovu, riba hairuhusiwi kupita kiasi cha deni la msingi kilichobaki siku ulipoharibika. Na kama bei ya mnada ingekuwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria ingechukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake, nayo ndiyo ingelazimika kujieleza.

Wadhamini nao ni vivyo hivyo. Wenzako wa Sacco waliokuwekea sahihi hawasamehewi kwa sababu wewe umesamehewa. Ukitangazwa muflisi leo, kesho akiba zao ndizo zitakazokatwa. Ni heri uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajayaona makato kwenye taarifa zao za akiba.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapitia kwa haraka.

"Nitafungwa jela." Jela ya madeni ipo kweli, lakini si ya umaskini. Mdai lazima aishawishi mahakama kwamba uwezo wa kulipa unao na umekataa, au umeficha mali, au unajiandaa kutoroka. Kinachowaletea watu taabu ni kupuuza hati ya wito. Nenda ukajieleze.

"Nitakuwa muflisi maisha." Miaka mitatu tu, ikihesabiwa tangu uwasilishe taarifa ya hali yako ya fedha, isipokuwa mtu apinge. Ukiikalia taarifa hiyo, saa haianzi kuhesabu. Ndani ya muda huo usiote ubunge.

"Madeni yote yanafutika." Uliyoyapata kwa udanganyifu hayafutiki. Wala amri ya matunzo ya watoto, na hapo sina huruma hata kidogo.

"Hayo ni mambo ya matajiri." Hili ndilo linalowaponza wadogo. Kama madeni yako yasiyo na dhamana hayazidi shilingi 300,000 na una kipato kidogo, omba amri ya malipo kwa awamu kwa Mpokeaji Rasmi. Kama huna mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa chochote, na madeni ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, upo utaratibu wa wasio na mali: miezi 12 na unatoka. Ila ni kwa mtu ambaye hajawahi kuutumia wala kuwa muflisi, kwa hiyo usiuchezee kwa deni la pikipiki. Kabla ya kwenda huko nunua daftari la kurasa 32, uandike kila unayemdai na kila anayekudai, kiasi, tarehe, na alichoshikilia. Mteja mwenye daftari namhudumia kwanza. Wengine watanisamehe.

"Nikilipa, CRB wananifuta kesho." Hizo ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na taarifa mbaya hubaki kwao miaka mitano tangu ulipe. Kinachobadilika ni kwamba sasa inaonyesha umelipa.

"Deni hufa lenyewe baada ya miaka sita." Ni kweli mdai wa mkataba ana miaka sita ya kwenda mahakamani. Lakini akipiga simu mwaka wa tano na miezi kumi na moja, nawe ukamtumia shilingi 200 kwa M-Pesa ili kumtuliza, miaka sita inaanza upya siku hiyo hiyo.