Mchanga ukingoni mwa lami: namna ya kuuzoa na pa kuupeleka

Mwendesha baiskeli wa Malindi haangushwi na fungu la mchanga. Fungu huliona mbali, akashuka akakokota. Kinachomwangusha ni utandu, unene wa sarafu tu, uliotanda ukingoni mwa lami, pale pale tuktuk inapomsukumia. Chembe kavu huwa gololi chini ya tairi. Akikata kona au akibana breki ya mbele, gurudumu limeshakwenda. Usipime kwa macho. Buruta kisigino cha ndara: kikiteleza kwa mkwaruzo, pana kazi.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na pwani yetu yatazama mashariki. Kwa hiyo pepo zote mbili huleta mchanga barabarani kutoka upande wa bahari, na mto Sabaki haukomi kuongeza mwingine ufukweni.

Zoa alfajiri, umande haujakauka na upepo haujaamka. Mmoja asimame hatua thelathini hivi nyuma ya wenzake, amevaa kizibao kinachong'aa, akiyatazama magari. Mfagiaji aupe upepo mgongo. Brashi ngumu ya mpini mrefu husogeza mchanga mwingi, lakini utandu wa mwisho hauondoki ila kwa ufagio wa chelewa, na huo ndio wengi huuacha wakaona wamemaliza. Penye kabro, yaani matofali ya kupangwa, fagia juu juu tu. Mchanga ulio katikati ya matofali ndio unaoyabana. Ukiuchokonoa au kuuosha kwa mpira wa maji, matofali huanza kucheza.

Fanyeni hesabu kabla ya kuita vijana. Tabaka la sentimita 2, upana wa mita 1, urefu wa mita 50, ni mita moja ya ujazo: mchanga mkavu wa kama tani moja na nusu. Wilibaro ikipakiwa lita 40, ni safari 25. Ukilowa huwa mzito zaidi, basi msingoje mvua.

Kosa kubwa huja baada ya kufagia. Mchanga husukumiwa mtaroni, kazi ikaonekana imekwisha. Masika yakifika, mtaro umeziba, maji yanapanda lami na kurudisha mchanga ule ule pamoja na tope. Ukirundikwa kando ya lami upande wa bahari, upepo huurejesha kabla ya adhuhuri. Urudisheni ufukweni, nyuma ya mimea inayotambaa, bila kuifukia wala kuing'oa, maana mizizi yake ndiyo iliyoushika mchanga usije. Fundi akiuomba wa zege, mnyimeni: una chumvi, na chumvi hula nondo.

Penye mchanga usiokoma, wekeni uzio. Mchanga mwingi huruka chini ya goti, hivyo kimo cha mita 1 chatosha: vigingi vya mvinje na makuti yaliyoachiwa mianya, karibu nusu wazi. Nchi za baridi hutumia uzio wa namna hiyo kuzuia theluji isifunike barabara. Ukuta usiopitisha upepo haufai, kwani upepo huuruka ukazunguka kwa nguvu na kuchimba msingi. Uzio usikae kando ya lami; mchanga hutua nyuma yake, kwa hiyo uache nafasi ya mita 10 au zaidi. Lundo likifika theluthi mbili ya kimo, simamisheni uzio mwingine juu yake. Uliofukiwa haukamati kitu.

Tope jekundu linaloburutwa na matairi kutoka njia za udongo lina dawa yake. Likiwa bichi hupakaa, likikauka kabisa huwa vumbi. Likwangueni kwa beleshi bapa likiwa limeanza kugangamaa, saa chache baada ya mvua kukatika, mkianzia kwenye makutano.