Mitambo mipya ndani ya jengo la kale: yasemwayo na ukweli wake

Ikitajwa tu habari ya kuweka seva (kompyuta za kuhifadhi na kusambaza data), betri za sola au mitambo ya intaneti ndani ya jengo la zamani, iwe Jinja au Kampala, wa kwanza kusimama ni yule anayesema historia imeuawa. Si kweli. Majengo ya Uganda yamebadilishiwa kazi miaka mingi. Bulange kule Mengo lilijengwa liwe baraza la Buganda, likageuzwa makao ya jeshi baada ya 1966, kisha likarudi kwa wenyewe. Sinema ya Norman jijini Kampala ikawa kanisa. Stesheni ya zamani ya reli Jinja imekuwa makumbusho ya reli tangu 2022. Kinachoua jengo ni kufungwa: bati linatoboka, hakuna wa kuliona, maji yanaozesha mbao na mchwa wanamalizia.

Dhana inayoponza wengi zaidi ni hii: "Kuta nene zitapoza mitambo, kiyoyozi cha nini?" Ukuta mnene wa matofali huchelewesha joto la jua, na hilo ni jema. Lakini joto la seva linazaliwa ndani. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hugeuka joto. Kabati moja la seva linalotumia kilowati 5 ni kama pasi tano za wati 1,000 zilizowashwa chumbani usiku na mchana. Ukuta uliozuia joto lisiingie sasa unalizuia lisitoke.

Barcelona walilitatua vizuri sana, kwa maoni yangu. Tangu 2005, kompyuta kuu ya MareNostrum, yenye nguvu kupita kompyuta za kawaida kwa mbali, iliwekwa ndani ya kanisa dogo la Torre Girona, lisilotumika tena kwa ibada. Walijenga chumba cha vioo katikati ya kanisa, mitambo ikakaa humo na kupozwa humo, kuta za kanisa zikaachwa zilivyo. MareNostrum 5, toleo lake la tano, ilipokuja, kubwa kupita nafasi ile, ilipelekwa jengo jipya la jirani. Kanisa bado lipo. Kazi mpya ya namna hiyo inaweza kuondolewa kesho bila kuacha kovu.

Wengine huamini ghorofa lililodumu miongo mingi litabeba chochote. Sakafu ya mbao ilibeba watu na marobota ya nguo. Kabati la seva lililojaa laweza kufikia kilo 1,000, tena uzito umesimama juu ya miguu minne tu. Liwekwe ghorofa ya chini, na mhandisi apime kwanza.

Halafu saruji. Watu hudhani ndiyo dawa ya kila ufa. Tembea Main Street ya Jinja, penye maduka yenye jina na mwaka vilivyochongwa juu ya baraza, uangalie sehemu ya chini ya ukuta uliowahi kuzibwa kwa saruji. Plasta imevimba. Igonge kwa kidole, utasikia uwazi. Ikibanduka, tofali nyuma yake linamung'unyika kama unga. Chokaa cha kale huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na unyevu huohuo hula viungo vya nyaya. Zibeni kwa chokaa. Nyaya zipite nje ya ukuta ndani ya mfereji wake wa kufunikia nyaya, na skrubu ziingie kwenye maungio ya matofali, kamwe si kwenye tofali lenyewe, kwa kuwa ungio huzibika tena na tofali lililopasuka halirudi.