Mbwa wa Pwani akaushwe mpaka kwenye ngozi

Masika yakianza, wafugaji wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hulalamika kwamba mbwa anaogeshwa kila wiki lakini bado ananuka na kujikuna. Mara nyingi kosa haliko kwenye kuogesha, liko kwenye kukausha.

Mbwa kama German Shepherd ana manyoya ya namna mbili: marefu ya juu, na mafupi ya chini yaliyosongamana kama pamba. Ya juu hukauka upesi, ukadhani kazi imekwisha. Ya chini hukaa na maji kwa saa kadhaa, na kwenye joto la Pwani bakteria na fangasi waliopo kwenye ngozi siku zote huongezeka. Ndipo unakuta manyoya yamegandana, na ukiyapasua unaona doa jekundu lenye majimaji. Asubuhi ni la ukubwa wa sarafu. Mbwa akilamba mchana kutwa, jioni limefika kiganja.

Mchane kabla hajalowa, kwa sababu fundo likipata maji hukaza. Tumia shampuu ya mbwa. Ngozi yake ina pH (kipimo cha uasidi) karibu 7, yetu ina asidi zaidi, kama 5.5, kwa hiyo sabuni zetu humwasha na kumkausha ngozi. Shampuu ya dawa yenye klorheksidini (kiua vijidudu) iache dakika 10 ndipo usuuze, mpaka maji yatoke bila povu. Kisha bonyeza kwa taulo, usisugue. Mweke mbele ya feni huku unachana kinyume cha manyoya, na upapase kwa vidole makwapani, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingoni. Pakiwa baridi-baridi mkononi, bado hapajakauka.

Asiye na ugonjwa wa ngozi anatosheka na kuoga kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kuchana ndiko kuwe mara tatu au nne kwa wiki. Usimnyoe kipara ukidhani utampunguzia joto: jua litamuunguza, na huenda manyoya yasirudi kama yalivyokuwa.

Tunasisitiza sana hili: dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe isitumike kwa mbwa kwa kukadiria. Hulamba manyoya yake, na dawa iliyozidi humletea mate mengi, kutetemeka, hata kifo. Kupe ni hatari kweli, huambukiza magonjwa ya damu ya babesia na erlikia, lakini kipimo cha dawa apange daktari wa mifugo baada ya kumpima mbwa uzito.