Je, Wajua Kwa Nini Mwizi Hulikwepa Kufuli la Usukani Ilhali Anaweza Kulishinda?

Ukipita saa tatu usiku kwenye maegesho ya kulaza magari huko Sinza, Magomeni au Manzese, mahali ambapo watu wenye nyumba zilizo ndani ya vichochoro huacha magari yao chini ya mlinzi mmoja na taa moja, utaona kitendo kilekile kikirudiwa gari baada ya gari. Dereva anazima injini, anapapasa chini ya kiti, anatoa fimbo ya chuma yenye rangi ya njano au nyekundu, anaipachika kwenye usukani, anaivuta mpaka ikaze, kisha anachomoa ufunguo na kuujaribu usukani kwa mkono kabla ya kushuka. Hilo ndilo kufuli la usukani, ambalo wengi hapa Dar es Salaam huliita loki ya stelingi.

Ajabu ni kwamba kifaa hicho si kigumu kukishinda. Msumeno wa chuma wa kawaida, kama ule anaoutumia fundi bomba, unaweza kuimaliza kazi kwa dakika chache, na mwizi mzoefu analijua jambo hilo vizuri kuliko mwenye gari. Hata hivyo mwizi huyohuyo, akisimama mbele ya magari mawili yanayofanana, moja lina kufuli na jingine halina, hulielekea lile lisilo na kufuli. Kwa nini?

Tuanze na kazi yenyewe ya chuma hiki. Kufuli la usukani halizuii injini kuwaka wala magurudumu kuzunguka, linazuia kona. Usukani wa gari dogo huhitaji kuzungushwa karibu mara tatu kamili ili magurudumu yatoke mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Fimbo hii ina ndoano mbili zinazoelekea pande tofauti, ambazo hulikamata duara la usukani kutoka ndani, na ncha yake ndefu hubaki imechomoza nje ya duara, hivyo usukani ukizungushwa kidogo tu ncha hiyo hugonga mlango, kioo cha mbele au paja la aliyekaa kwenye kiti. Gari linaweza kuwaka na linaweza kusogea, lakini haliwezi kupinda. Na katika mitaa yetu, ambako kutoka maegeshoni hadi barabara ya lami kuna kona kadhaa na mtaro usio na mfuniko, gari lisilopinda haliendi mbali.

Udhaifu wa kifaa hiki haupo mahali ambapo wengi wanadhani. Fundi mmoja wa Tabata aliwahi kunionyesha usukani wa Toyota Raum uliovunjwa usiku, baada ya mwenye gari kuuleta ubadilishwe. Nje ulikuwa na kava la ngozi ya bandia lililoshonwa kwa uzi. Chini ya kava kulikuwa na povu gumu la plastiki. Na katikati ya povu, sehemu pekee yenye nguvu, kulikuwa na chuma chembamba kisichozidi unene wa kidole changu kidogo. Msumeno ulikuwa umepita mahali pamoja tu. Baada ya mkato huo duara lilikuwa limepindwa kando, ndoano ikachomolewa, na fimbo nzima ikatupwa kwenye sakafu ya gari. Fundi akaniwekea ile fimbo mkononi na kuniambia, "Tazama mwenyewe, mzee wangu, kufuli halijakwaruzwa hata rangi. Walichokata ni usukani." Gari lenyewe halikuondoka, kwa sababu mbwa wa jirani alibweka na mlinzi akaamka wakati kazi haijaisha.

Katika kisa hicho kuna jibu la swali letu. Watengenezaji huifanya fimbo kwa chuma kilichochomwa na kupozwa kwa namna inayokifanya kiwe kigumu dhidi ya msumeno, lakini fimbo hiyo hufungwa kwenye kitu laini kuliko yenyewe. Kwa hiyo kufuli halimnyimi mwizi gari. Linamnyima muda na ukimya. Mwizi wa gari huhesabu mambo mawili kuliko yote, yaani atakaa ndani ya gari kwa muda gani na nani atamsikia. Gari lisilo na kufuli linaweza kuondoka ndani ya dakika moja. Lenye kufuli linamtaka abebe msumeno au mkasi mkubwa wa chuma, ainame kwenye kiti akikata, asikilize sauti ya chuma ikilia usiku, kisha aendeshe gari lenye usukani uliokatika, jambo ambalo trafiki yeyote akichungulia dirishani atalihoji. Rangi kali ya fimbo ina kazi yake pia: inamfahamisha mwizi haya yote angali nje, kabla hajavunja kioo.

Kuna hila nyingine inayopaswa kusemwa wazi, kwa sababu wanunuzi wengi hawaijui. Magari karibu yote yana kufuli la pili lililofichwa ndani ya shina la usukani. Ukichomoa ufunguo, pini ya chuma inayosukumwa na springi huteremka na kulala juu ya mhimili wa usukani. Ukiuzungusha usukani kidogo, tundu lililochongwa kwenye mhimili hufika chini ya pini, nayo ikadumbukia na kuukamata. Ndiyo maana asubuhi nyingine ufunguo unagoma kabisa kuzunguka na dereva mpya akadhani swichi imekufa. Swichi ni nzima. Tairi zilizopindwa zinauvuta mhimili, mhimili unaibana pini ubavuni, na pini inashindwa kupanda. Usiulazimishe ufunguo, kwani utavunjikia ndani. Utikise usukani kushoto na kulia taratibu huku ukizungusha ufunguo kwa vidole viwili, na pini itaachia.

Sasa, mwizi anayetaka kuivunja pini hiyo huushika usukani kwa mikono na kuuvuta kwa nguvu upande mmoja. Usukani una nusu kipenyo cha sentimita kama 19, na kwa umbali huo mkono wa mtu hautoshi kwa urahisi. Lakini fimbo ya kufuli ikiwa imechomoza hadi sentimita 60 kutoka katikati ya usukani, nguvu ileile ya mkono hufanya kazi mara tatu zaidi, sawasawa na mtu anayefungua nati ngumu kwa spana aliyoiongezea bomba. Kwa maneno mengine, kufuli la nje likifungwa vibaya linaweza kugeuka mtaimbo wa kuvunjia kufuli la ndani. Wezi wa nchi nyingine wamekuwa wakilitumia hivyo kwa miaka mingi. Dawa yake ni kuifunga fimbo ili ncha ndefu iwe karibu kugusa mlango au kioo, isipate nafasi ya kusukumwa.

Fimbo ya aina hii ilienea duniani kutokana na biashara ya Mmarekani mmoja wa Pennsylvania, James Winner, aliyeanza kuiuza kwa jina la The Club mwaka 1986. Alisimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kuibiwa Cadillac yake, alipokumbuka jinsi alivyokuwa akiufunga usukani wa jipu kwa mnyororo alipokuwa askari nchini Korea. Kufuli la ndani ya shina ni la zamani kuliko hapo, na historia yake ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa inahusu pia jirani ambaye gari lake halina kufuli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi iliamuru kwamba magari yawe na kufuli la shina la usukani, na sharti hilo likayahusu magari mapya pamoja na yale yaliyokuwa tayari barabarani. Wizi wa magari ulishuka kwa kiasi kikubwa na ukabaki chini. Uingereza ilichukua hatua kama hiyo mwaka 1971, ila kwa magari mapya pekee. Watafiti walipoangalia matokeo, walikuta kwamba magari mapya yaliibwa kidogo kuliko awali huku magari ya zamani yasiyo na kufuli yakiibwa zaidi. Wezi hawakuacha kazi, walihama. Mwaka 1998 wasomi wawili wa Marekani, Ian Ayres na Steven Levitt, walichapisha utafiti kuhusu kifaa cha LoJack, ambacho hufichwa ndani ya gari na kutoa mawimbi polisi walifuatilie likiibwa. Waliona kwamba katika miji yenye vifaa hivyo vingi wizi hupungua kwa magari yote, kwa sababu mwizi hajui ni gari lipi linalo. Kufuli linaloonekana lina tabia tofauti: linamfahamisha mwizi ni gari lipi aliache na hivyo ni lipi alichukue.

Nayasema haya si kwa kumvunja moyo mtu yeyote anayefunga kufuli. Mwenye IST aliyoinunua kwa mkopo ana haki kamili ya kuilinda, na mimi mwenyewe sijawahi kulala bila kufunga langu. Lakini naamini kwa dhati kwamba maegesho ya kulaza magari yanapaswa kuliweka kuwa sharti kwa kila gari linaloingia getini, kama Wajerumani walivyofanya kwa nchi nzima, kwa sababu safu ya magari 20 ambayo yote yana fimbo haimwachii mwizi chaguo rahisi, wakati safu yenye fimbo 19 inamwonyesha moja kwa moja lile la ishirini.

Huenda msomaji akauliza kama chuma hiki hakijapitwa na wakati, maadamu kuna funguo zenye chipu zinazozuia injini kuwaka kwa ufunguo wa bandia. Umoja wa Ulaya ulizifanya lazima kwa magari mapya mwaka 1998, nazo zimesaidia sana. Hata hivyo si kila Vitz, Passo au Probox inayoshushwa bandarini kwetu kutoka Japani ina chipu hiyo. Marekani kwenyewe, video zilizosambaa mitandaoni mwaka 2021 na 2022 ziliwafundisha vijana kuiba baadhi ya magari ya Kia na Hyundai yaliyouzwa bila kinga hiyo. Pamoja na kurekebisha programu za magari, kampuni hizo zikaanza kugawa makufuli ya usukani bure kupitia vituo vya polisi. Na hata gari lenye elektroniki za kisasa lina njia zake za kudanganywa. Mwaka 2022 mtaalamu wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake jijini London na wezi waliochokonoa nyaya karibu na taa ya mbele, ambazo zimeunganishwa na mtandao wa kompyuta za gari, wakaiamuru ifungue milango na kuruhusu injini iwake. Kompyuta inaweza kudanganywa kwa ishara za bandia. Fimbo ya chuma inataka msumeno.

Kuna wizi ambao kufuli hili haliugusi kabisa, nao ndio unaotusumbua zaidi mjini: vioo vya pembeni, taa, swichi za madirisha na kontroli boksi. Kwa hayo watu huchonga namba ya gari kwenye vioo na taa ili visiuzike. Anayehofia gari zima kuchukuliwa anafanya vyema kuongeza swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, iliyowekwa na fundi anayemwamini, na kukumbuka kwamba bima ndogo hailipi gari lililoibwa. Bima kubwa ndiyo inayogharamia wizi.

Wakati wa kununua, usitazame unene wa fimbo peke yake. Niliwahi kununua makufuli mawili Kariakoo siku moja, langu na la shemeji yangu, na tulipofika nyumbani ufunguo wa kwanza ukafungua yote mawili. Tangu siku hiyo huomba nifunguliwe makufuli matatu au manne ya aina moja papo hapo dukani, kisha hujaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli, na muuzaji mwaminifu hakatai. Chagua fimbo ambayo ndoano zake ni pana na zinalikamata duara karibu na mikono ya usukani, yaani vile vipande vinavyoliunganisha duara na katikati, ili hata likikatwa fimbo isiteleze kirahisi. Tundu la ufunguo litazame dashibodi, mahali ambapo kekee haipati nafasi ya kusimama. Kabla ya kufunga, pinda tairi zielekee ukutani au ukingoni, kwani gari lililofungwa likiwa limenyooka linaweza kuvutwa kwa kamba, lakini lililopindwa litajizungusha palepale.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, kuanzia Msasani na Mbezi Beach hadi Kigamboni, upepo wa chumvi huingia kwenye tundu la ufunguo na baada ya miezi michache ufunguo huanza kugoma. Wengi hukimbilia oili, nayo hunasa vumbi na kuliziba tundu zaidi. Chukua penseli ya kawaida, sugua ncha yake kwenye meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, uingize na kuuchomoa mara kadhaa, kisha ufute. Unga wa penseli utalainisha ndani bila kukusanya vumbi, na kufuli litafunguka asubuhi unapochelewa kazini.