Je, wajua kwa nini mpiga kura wa Tanganyika mwaka 1958 alilazimishwa kumchagua Mzungu?

Mazungumzo ya uhuru yakizuka kijiweni hapa Mwanza, hakosi mtu wa kusema kwamba Tanganyika haikumwaga damu. Mwalimu Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa, akajenga hoja, Mwingereza akaelewa, bendera ikapanda tarehe 9 Desemba 1961. Kenya na Algeria walipigana, sisi tulizungumza.

Kuna ukweli ndani yake. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na Mwingereza aliwajibika kutoa maelezo yake New York, ambako Nyerere alihutubia Baraza la Udhamini mwezi Machi 1955. Walowezi nao walikuwa wachache mno, na ardhi waliyoitwaa ilikuwa ndogo ukilinganisha na Kenya. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mabavu hayakuwepo ni kuruka hatua nyingi, na anayeishi hapa kando ya Ziwa Victoria ana sababu za pekee za kutoziruka.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique aliyejiunga na wapigania uhuru wa Algeria, alishikilia kwamba kuung'oa ukoloni ni tendo la mabavu siku zote. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961, siku 3 kabla ya uhuru wetu. Tanganyika hutajwa mara nyingi kama mfano unaomkanusha. Mimi naona wanaosema hivyo wanamsoma nusu. Hoja yake haianzi na bunduki ya mpigania uhuru, inaanza na utawala wenyewe: amri, faini, jela, na mpaka kati ya rangi na rangi. Hayo Usukumani, nchi ya Wasukuma inayoizunguka Mwanza, yalikuwepo tele.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukumani. Mkulima aliamriwa kulima kwa matuta, na mfugaji akatakiwa kupunguza ng'ombe na kuwalipia kodi. Aliyekaidi alifikishwa mbele ya mahakama ya mtemi, akatozwa faini au kufungwa. Kwenye pamba, manung'uniko yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo, chini ya watu kama Paul Bomani, vikaota vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa muungano mkubwa wa Victoria. TANU yenyewe, chama cha Nyerere cha kudai uhuru kilichozaliwa Julai 1954, ilinyimwa usajili Usukumani hadi mwaka 1958. Kwa hiyo wakati sehemu nyingine za nchi zinahudhuria mikutano ya hadhara, huku kuendesha tawi la chama lilikuwa kosa la jinai.

Kisha ikaja Geita, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa na sera ya mseto: Waafrika, Waasia na Wazungu wakae pamoja kwenye mabaraza. Ukiisikia hivyo inapendeza. Ila katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955, viti 30 vya upande usio wa serikali viligawanywa 10 kwa 10 kwa 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia makumi ya maelfu, Wazungu kama 20,000. Mgao sawa wa namna hiyo ulimfanya Mzungu mmoja kuwa na uzito wa mamia ya Waafrika. Sera hiyohiyo ilipoteremshwa hadi baraza la wilaya ya Geita, watu waliikataa. Mwaka 1958 walifunga safari kwa wingi, wakavuka ghuba hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakapiga kambi mjini wakisubiri majibu. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi. Leo safari hiyo unaipita kwa dakika chache juu ya daraja la Kigongo–Busisi, na sijui ni abiria wangapi wanaoambiwa kwamba njia hiyo ni sehemu ya historia ya uhuru wao.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana kura ya mwaka 1958 ilikuwa mseto uleule uliovalishwa vazi la uchaguzi. Nchi iligawanywa majimbo 10, kila jimbo na viti 3: cha Mwafrika, cha Mwasia, cha Mzungu. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe umefika darasa la 8, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au unashika wadhifa uliotambuliwa. Na ukishaingia kwenye chumba cha kura, ulilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Ukichagua Mwafrika peke yake, karatasi yako imeharibika.

Nia ilikuwa kuwalinda wachache. Ila fikiria soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, litolewe amri kwamba hakuna kuuziwa dagaa mpaka uchukue pia sato na sangara. Mwenye meza ya sangara atafurahi: kila mteja sasa ni lazima anunue sangara. Lakini meza za sangara ni mbili. Atakayeamua ipi iuze na ipi ilale na mzigo ni ule umati uliokuja kutafuta dagaa, kwa sababu ndio wengi. Amri imelinda kuwepo kwa sangara sokoni, ila haikumlinda muuzaji yeyote mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mahali ambako Waafrika walikuwa wengi kwenye daftari la wapiga kura, na licha ya masharti yale magumu walikuwa wengi mahali pengi, wao ndio waliochagua Mzungu gani na Mwasia gani aingie barazani. Walowezi hawakuwa na namna ya kumpeleka mtu wao peke yao.

TANU nusura iikose nafasi hiyo. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere akawashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama kilichodai Afrika kwa Waafrika tu. Na hapa pana jambo linalonishangaza hadi leo: TANU yenyewe wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, lakini iliwaombea kura Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo. Derek Bryceson, Mzungu, aliingia kwa njia hiyo, na Sophia Mustafa, Mwasia, pia. Chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichoanzishwa mwaka 1956 kuitetea sera ya mseto, kilishindwa vibaya na hakikuinuka tena.

Gavana mpya, Richard Turnbull, aliwasili katikati ya mwaka 1958 akitokea Kenya, alikoviona vita vya Mau Mau kwa karibu. Mabaraza ya mseto yaliwekwa kando, TANU ikaruhusiwa Usukumani, na mwezi Oktoba gavana akakiri hadharani kwamba serikali ijayo itakuwa ya Waafrika kwa sehemu kubwa. Ni vigumu kutenga nini kilitokana na Geita na nini kilitokana na sanduku la kura, kwa kuwa mambo haya yalifuatana ndani ya miezi michache. Ninachokataa ni kulitaja sanduku na kuiacha Geita.

Mgogoro wa rangi haukuishia hapo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika pekee. Nyerere alisimama akawaambia serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi, na muswada ukapita bila sharti hilo.