Sindano ya goti: hailemazi, wala haiponyi

"Usikubali kuchomwa sindano ya goti, utalemaa." Kwa kauli hii wazee wengi huvumilia maumivu miaka nenda rudi. Kumbe aghalabu mtu huchomwa goti likiwa limeshalika. Baadaye akishindwa kutembea, lawama huishukia sindano.

Inayotumika mara nyingi ni dawa ya jamii ya steroidi, iliyoanza kuingizwa kwenye viungo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hutuliza uvimbe, na nafuu hudumu wiki kadhaa, pengine miezi. Gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishalika hairudi.

Hofu ya mtaani ina chembe ya ukweli, tusiifiche. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wagonjwa 140 waliochomwa gotini kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi kuliko waliopata maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Ndiyo maana madaktari wengi hawazidishi sindano 3 au 4 kwa mwaka kwenye kiungo kimoja.

Mwenye kisukari amwambie daktari kabla ya kuchomwa: sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa.